Wawili Nyuma ya Mashine

Leo, msikilizaji, nawaleta kwako vijana wawili wa Dar es Salaam ambao huenda umeshawasikia mara nyingi bila kujua kuwa ni wao. Mmoja anaitwa Sisso, mwenye studio ya singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, iliyoko Mburahati na inayobeba jina lake. Wa pili ni Maiko, mpiga kinanda. Mwaka 2024 walitoa albamu ya pamoja, Singeli ya Maajabu, kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Huko Ulaya waandishi wa muziki wanawafahamu. Lakini simama kesho Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mshike mpita njia mmoja, muulize kama anamjua Sisso. Atakujibu kwa swali: huyo kaimba wimbo gani?

Haimbi. Na hapo ndipo ninapotaka tukae jioni ya leo.

Uingereza swali hilo haliulizwi, kwa sababu kule wameshazoea wawili wasioimba. Kuna ndugu wawili wa mkoa wa Kent, Phil na Paul Hartnoll, waliojiita Orbital, jina walilolitoa kwenye barabara kuu inayozunguka London. Mwaka 1989 walirekodi wimbo wao Chime nyumbani kwa wazazi, kwenye mashine ya kaseti ya baba yao. Gharama yake ilikuwa kama bei ya kaseti yenyewe. Mwaka uliofuata wimbo huo usio na mwimbaji ukawapeleka kwenye kipindi cha Top of the Pops cha BBC. Mwaka 1994 wakapanda jukwaa la Glastonbury usiku, vichwani wamevaa miwani yenye tochi mbili ili waone vitufe vyao gizani, na maelfu ya watu wakawashangilia kama wanavyomshangilia mwimbaji. Kuna pia Chemical Brothers, Tom Rowlands na Ed Simons, ambao si ndugu hata kidogo, ni wanafunzi waliokutana Manchester mwaka 1989. Nao ni vivyo hivyo: watu wawili wameinamia mitambo, na umma mzima umelipa kiingilio kuwatazama wakiinama.

Unaweza kusema wenzetu wana vifaa. Basi sikiliza vifaa hivyo vilitoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitengeneza kijimashine cha besi kiitwacho TB-303. Kilikusudiwa kumsaidia mpiga gitaa asiye na mpiga besi. Hakikununulika. Sauti yake haikufanana na besi ya kweli, kukipanga kulikuwa kazi, na ilipofika 1984 kampuni ikaacha kukitengeneza. Vilivyobaki vikaishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Huko ndiko vijana weusi wa Chicago walikokiokota kwa bei ya chee. Wakavizungusha vitufe vyake walivyojisikia wao, kikalia kama mdudu aliyebanwa, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa Acid Tracks. Sauti hiyo ikavuka bahari ikaiwasha Uingereza. Kwa maneno mengine, muziki ule mkubwa wa Waingereza umesimama juu ya kitu kilichododa dukani.

Sasa turudi nyumbani, maana nasi tuna kijimashine chetu. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa uswahilini Dar es Salaam walikuwa na Casio ndogo, zile za kununuliwa mtoto wa mwenye uwezo akazichoka. Wakazichomeka kwenye amplifaya iliyokwisha kuungwa mara tatu, wakazitoa kwenye spika za honi, wakaweka na ngoma za Kizaramo za kwenye mikesha ya harusi. Ukawa mchiriku. Jagwa Music wa Mwananyamala ni watoto wa zama hizo, na ilipofika 2012 lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu yao, Bongo Hotheads. Huku nyumbani mchiriku ulikuwa na kaseti zake na mashabiki wake wa kufa na kuzikana, ila kwa watu wenye makochi ulikuwa muziki wa wahuni. Redio nayo ilikuwa na makochi.

Mtu akiniambia singeli imeanguka kutoka mbinguni mwaka 2015, namwonyesha Casio ile. Sauti nyembamba inayopiga kelele juu kabisa, kinanda kinachorudia kijisehemu kimoja hadi kikuingie kichwani, ngoma zinazokimbizana, na mtu wa maiki anayetaja mitaa na majina ya watu waliopo: yote yalikuwemo. Singeli imeongeza kompyuta, na imeongeza mwendo.

Kompyuta hiyo imetoka wapi? Kariakoo, utasema, na hujakosea. Kariakoo ndiyo stoo ya muziki huu, ingawa jina lake si rahisi kuliona kwenye jalada la albamu. Zunguka Aggrey, katiza Msimbazi, utakuta kila kinachohitajika: kompyuta ndogo za mtumba zilizobandikwa stika mpya juu ya mikwaruzo, maiki za Kichina, waya za kila kichwa, sabufa, twita zinazouzwa kwa mafungu kama nyanya. Spika kubwa ya mkesha mara nyingi haiji nzima. Inanunuliwa moyo wake tu, ule mviringo wenye sumaku, halafu fundi seremala wa mtaani anaikatia sanduku la mbao. Ndiyo maana kila muziki wa kukodi una mlio wake, na wenyeji wanautambua ungali mtaa wa pili.

Kuna kitu kingine Kariakoo inatoa, nacho hakiuzwi. Pita pale watu wanapopanga nguo na vyombo chini. Siku hizi machinga hapigi tena kelele kwa koo lake. Ana kispika cha mkononi, amejirekodi asubuhi mara moja, buku tatu, buku tatu, buku tatu, kisha amekining'iniza kwenye mwamvuli na kinarudia hadi jioni. Jirani yake ana chake kinachosema jero jero. Wa tatu anauza dawa ya mende na amejirekodi maelezo marefu. Hakuna hata kimoja kinachoendana na kingine, lakini ukisimama katikati dakika mbili tatu sikio lako linaanza kuvipanga. Linatafuta mahali vinapokutana, na vinakutana. Sina ushahidi kwamba mtayarishaji yeyote wa singeli alijifunzia pale. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia kwenye mji wa namna hiyo haoni ajabu neno moja kukatwa, kurudiwa mara arobaini na kugeuzwa ngoma.

Ukipanda basi la mwendokasi Kariakoo, kama bonde la Jangwani halijajaa maji, unapita Magomeni Mapipa, Usalama, Mwembechai, Kagera, unafika Manzese. Maeneo hayo na ya jirani, Manzese, Tandale, Mburahati, ndiyo shina la singeli. Studio zake usizifikirie kwa picha za studio za mjini zenye vioo na zulia ukutani. Wengi wanafanyia kazi chumbani: kompyuta, programu ya kupigia biti, spika mbili, feni, na mlango ambao haufungiki vizuri kwa sababu nje kuna vijana wanasubiri zamu. Mtayarishaji anachukua kipande cha taarabu, au cha sebene, au cha ngoma, anakikata na kukiharakisha mpaka kinakuwa kitu kingine kabisa. Kinanda kinajibu juu yake. Halafu anaingia mtu wa maiki na maneno yake.

Na mwendo, jamani! Muziki wa dansi wa akina Orbital kwa kawaida unatembea kati ya mapigo 120 na 140 kwa dakika. Singeli inaanzia 180, inavuka 200 bila kuhema, na ipo inayofika 300. Mgeni akisikia anauliza watu wanachezaje. Jibu lipo viunoni. Biti ikiwa 220, mwili hauhangaiki kuifuata yote, unachukua nusu, 110, mwendo ambao kiuno cha Kizaramo kimeuzoea tangu enzi za mababu. Kwa hiyo utamwona dada amesimama anazungusha taratibu, uso umetulia kabisa kama anasubiri daladala, huku juu yake mitambo inapasuka. Wavulana ndio wanaojaribu kuifuata yote, na ndio wanaochoka kwanza.

Hayo yote yanafanyika kwenye vigodoro, ile mikesha ya mtaani ya harusi, unyago, au ya sababu yoyote itakayopatikana. Na vigodoro vimepata misukosuko. Mara ngapi umesikia kiongozi fulani kavipiga marufuku? Kelele, maadili, wizi, watoto kukesha. Na tusidanganyane, jirani mwenye mgonjwa ndani ana haki yake. Miaka ya karibuni NEMC, baraza la taifa la mazingira, nalo limeingia kazini na vipimo vyake vya sauti, baa na kumbi zikafungiwa.

Lakini usidhani hilo ni la kwetu peke yetu. Waingereza walitunga sheria. Mwaka 1994 Bunge lao lilipitisha sheria ya jinai iliyowapa polisi nguvu ya kuvunja mikesha ya wazi, na ndani yake wakaueleza muziki husika kuwa ni ule wenye mfululizo wa mapigo yanayojirudia. Hebu fikiria mbunge mtu mzima anakaa kuandika hivyo. Kulikuwa na wawili wengine, Rob Brown na Sean Booth wa kundi la Autechre, kutoka Rochdale karibu na Manchester. Wao walijibu kwa muziki. Walitoa santuri iitwayo Anti, na wimbo mmoja ndani yake, Flutter, wakaupanga kwa namna ambayo mapigo hayajirudii, ili upigwe mkeshani bila kuvunja sheria. Wakamshauri na dijei awe na mwanasheria na mtaalamu wa muziki karibu yake, polisi wakija wathibitishe. Natamani siku moja nione mtayarishaji wa Manzese akimjibu mkuu wa wilaya kwa njia hiyo.

Tuje sasa kwa Sisso na Maiko wenyewe, na jinsi walivyofika huko walikofika. Njia haikupita Ulaya kwanza, ilipita Kampala. Arlen Dilsizian na Derek Debru walianzisha tamasha la Nyege Nyege mjini Jinja, Uganda, mwaka 2015, na mwaka uliofuata wakaanzisha lebo. Mwaka 2017 wakatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Mburahati, Sounds of Sisso. Hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 2018 ikaja Poaa ya Bamba Pana, mmoja wa watayarishaji wa kwanza kutembea na singeli nje, yeye akiwa na Makaveli kwenye maiki. Mwaka 2019 Duke, wa Pamoja Records, akatoa Uingizaji Hewa, na Sisso mwenyewe akatoa Mateso. Mwaka 2022 kijana mdogo, DJ Travella, akatoa Mr Mixondo. Ndipo 2024 tukapata hii ya wawili.

Tazama jambo moja kwenye orodha hiyo. Karibu wote niliowataja ni watu wa mashine. Sasa tengeneza orodha nyingine, ya singeli tunayoijua hapa Dar. Utaanza na Msaga Sumu, wengi wakimwita mfalme. Utamtaja Man Fongo, ambaye mwaka 2016 Hainaga Ushemeji yake ilipigwa kila kona ya nchi. Utamtaja Sholo Mwamba. Wote ni watu wa maiki. Muziki ni ule ule, mitaa ni ile ile, lakini ni kana kwamba tunazungumzia nchi mbili.

Sababu yake ya kwanza ni nyepesi. Mjerumani au Mpolandi haelewi maneno. Masikioni mwake mtu wa maiki ni ala mojawapo, kwa hiyo anayemtaka ni aliyepanga sauti. Sisi tunaelewa kila neno: mafumbo, kejeli, mama mwenye nyumba, shemeji, kodi, mchepuko. Nusu ya utamu iko humo. Nikisikiliza Singeli ya Maajabu, ambayo imeachia mashine zizungumze, kuna wakati natamani mtu aingie atukane kidogo. Kuna dakika kinanda cha Maiko kinapanda, kinakatika, kinarudi kwa kasi nyingine, na nakiri ni ufundi mtupu. Kisha ngoma mbili baadaye nahisi nimeachwa kituoni. Mshabiki wa Berlin hapati tatizo hilo. Yeye alikuja kwa ajili ya mbio.

Sababu ya pili inanigusa zaidi kwa sababu iko humu studioni. Ni sisi watangazaji. Ngoma ikiisha tunasema: huyo alikuwa fulani. Fulani ni mwimbaji. Enzi za Bongo Fleva ya mwanzo watayarishaji walijulikana, P Funk Majani wa Bongo Records, Master Jay wa MJ Records, kwa sababu walikuwa wachache na mwimbaji aliyefanya kazi kwao alijivuna kwa hilo. Singeli imekuja watayarishaji wakiwa wengi, wadogo kwa umri, hawana kampuni mjini, na jina lao linabaki kuwa ile sauti ya sekunde moja inayopiga kelele mwanzoni mwa wimbo, ambayo mtangazaji anaifunika kwa maneno yake. EFM, kituo cha redio kilichoanza 2014 chini ya Francis Ciza, Majizzo, kinastahili shukrani kwa kuitoa singeli uswahilini na kuiweka hewani mchana kweupe wakati wengine tukiikunjia pua. Ila na pale aliyepata nafasi zaidi ni mwenye mdomo.

Nenda kwa yule kijana wa Kariakoo anayejaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Ana meza, kompyuta, mwamvuli, na kikatoni kilichoandikwa kwa kalamu nene. Folda zake ziko safi kuliko maktaba nyingi: Taarabu, Qaswida, Zilipendwa, Singeli Mpya, Singeli Kali. Fungua Singeli Kali. Kila faili lina jina la mwimbaji, kisha jina la wimbo. Aliyepiga hayupo. Na zile ambazo hazina mwimbaji kabisa, zile ngoma tupu wanazokesha nazo watu, utazikuta zimeandikwa Biti 1, Biti 2, Biti 14. Mteja anazichukua zote bila kuuliza, anaziweka kwenye bajaji, na bajaji inaondoka nazo kuelekea Buguruni zikilia. Huenda Biti 14 ni ya mtu ambaye juma lililopita alikuwa jukwaani Ulaya.

Mtu atasema jina halijazi sufuria. Linajaza, na karatasi zipo. Tangu sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 tuna COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, na mwanzoni mwa 2022 wasanii waligawiwa mirabaha ya kazi zilizopigwa kwenye vituo vya redio na televisheni. Mirabaha inafuata kumbukumbu: kazi gani imepigwa, ya nani. Biti 14 ni ya nani? Kituo kikiandika hivyo kwenye taarifa yake, fedha itaenda kwa nani? Ndugu wale wawili wa Kent walirekodi kwenye kaseti ya baba yao, lakini Chime ilikuwa na jina lao juu yake tangu siku ya kwanza ilipotoka.

Wapo wanaoniambia watayarishaji wa singeli wenyewe hawajali, wanafanya kwa mapenzi, wanagawa nyimbo bure kwa WhatsApp. Ni kweli wanagawa. Wanagawa kwa sababu ngoma isiyolia mkeshani Jumamosi hii, Jumamosi ijayo imeshazeeka. Kugawa ni kazi, si kutojali. Na wenzao wa Kampala walipotoa kazi zao zikiwa na majina yao, walijali.

Muda wangu umekwisha na fundi mitambo ananiangalia kwa jicho baya. Kabla ya taarifa ya habari tunapiga ngoma moja kutoka Singeli ya Maajabu. Kama una spika ndogo punguza kidogo, zisije zikapasuka ukanidai mimi. Hamna mwimbaji. Kwenye kompyuta ni Sisso, kwenye kinanda ni Maiko, na imetengenezwa Mburahati, wilaya ya Ubungo, Dar es Salaam.